Kompyuta Zetu Hazikufa kwa Uzee

Wiki iliyopita mgeni mmoja wa shirika aliingia kwenye chumba chetu cha kompyuta hapa Nakivale. Akaona mashine sita tumezifunika kitenge pale pembeni, akauliza hizi nazo vipi. Tukamjibu zinawaka, lakini intaneti inazikataa. Akatikisa kichwa, akaandika neno moja kwenye daftari lake, na kwa kuwa daftari lilikuwa wazi sote tulilisoma: "zimezeeka". Halafu akapiga picha za zile laptopu nane zinazofanya kazi, akaaga, akapanda gari.

Hilo neno ndilo limetufanya tuandike. Tunawaandikia nyinyi wa mashirika mnaosoma huu ukurasa, lakini tunawaandikia pia wenzetu vijana, manake na sisi tuna kesi ya kujibu. Tutaifikia.

Zile mashine sita ukiziwasha zinawaka. Kioo kinaonyesha, kibodi inaandika, feni inazunguka. Ukitaka kuandika barua ya kuomba kazi utaiandika mpaka sahihi. Kilichozishinda ni kitu kimoja tu, kusasishwa, yaani ile kila mtu hapa anaita apdeti. Mfumo endeshi umebaki nyuma, kivinjari kimebaki nyuma, na intaneti imesonga mbele bila kuwasubiri. Mtoto aliyekosa chanjo akipata surua, hakuna daktari anayeandika kwenye kadi kwamba ugonjwa wake ni uzee.

Mwaka 2024, kabla zile laptopu hazijafika, dada mmoja wa hapa kwetu alikuja na fomu ya skolashipu. Amemaliza sekondari kwa shida zote ambazo mnazijua. Mwisho wa kutuma ilikuwa saa sita usiku, siku hiyo hiyo. Akakaa mashine namba tatu, akajaza kurasa nne. Alipofika pa kupakia cheti chake, kile kitufe kikawa kama kimechorwa ukutani: unabonyeza, kimya. Tukamhamishia namba tano, ukurasa ukafunguka mweupe, hauna hata herufi. Namba saba ikatuambia waziwazi: kivinjari hiki hakikubaliki tena, sasisha kwanza. Tukajaribu kusasisha, ikajibu kwamba toleo jipya haliingii kwenye mfumo huu. Saa tatu na nusu sola ikaanza kulia. Simu yake ina kioo kilichopasuka nusu nzima, na cheti kilikuwa kwenye flashi. Saa sita ikapita. Hakulia mbele yetu. Akakunja ile karatasi aliyokuwa ameandika namba yake ya maombi, akasema, "Asanteni kaka zangu, mmejaribu." Tangu usiku ule hajarudi kituoni.

Sasa tuambieni, huyo alinyimwa na uzee wa kompyuta?

Mashine zote sita zina Windows 7. Microsoft iliacha kuipa Windows 7 viraka vya kawaida vya usalama tarehe 14 Januari 2020, na tarehe hiyo ilijulikana miaka mingi kabla. Google nao wakafuata: Chrome namba 109, ya Januari 2023, ndiyo ya mwisho inayokubali Windows 7 na 8. Kuanzia 110 unatakiwa uwe na Windows 10 au zaidi. Sasa sisi hizi mashine zililetwa mwaka 2021, kwa sherehe, watoto wakaimba, mama zetu wakapiga vigelegele. Hesabu wenyewe. Siku zinashushwa kwenye lori, tarehe yake ilikuwa imepita zaidi ya mwaka. Aliyezituma ama alijua, ama hakuuliza, na sisi hatuoni tofauti kubwa kati ya hayo mawili.

Na kuna jambo linatuuma zaidi ya hilo. Firefox haikukimbia haraka hivo. Toleo lake la 115, lile la muda mrefu, liliendelea kukubali Windows 7 na kupewa viraka, na muda wake ukaongezwa mara kadhaa. Tungelijua usiku ule tungeliweka kwa flashi ndani ya dakika tano, na pengine ile fomu ingepita. Hatukujua. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukutafuta.

Kisa cha pili kingechekesha kama kisingekuwa chetu. Mashine namba mbili, kwa karibu mwaka mzima, kila ukurasa ulioufungua ulikuambia muunganisho wako si salama. Gmail, hivyo hivyo. Ukurasa wa matokeo ya mitihani, hivyo hivyo. Tukalaumu mtandao. Tukanunua bando la kampuni nyingine. Tukasogeza ule mnara mdogo wa waya juu ya bati. Kwenye ripoti ya mwezi ikaandikwa "intaneti dhaifu", na ripoti ikapokelewa. Mpaka kijana mmoja anayetengeneza simu pale senta alikuja kuchaji, akaangalia chini kwenye kona ya kioo, akauliza: "Nyinyi mnaishi mwaka gani humu?" Saa ya kompyuta ilikuwa inasema tarehe 1 Januari 2009.

Ndani ya kompyuta kuna kibetri cha duara kama sarafu, kinaitwa CR2032. Kazi yake ni kuikumbusha mashine tarehe na saa wakati haina umeme. Kikifa, kila ukiiwasha inaanza upya kwenye tarehe ya zamani. Na kila tovuti ya siku hizi ina cheti cha utambulisho chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mashine inayoamini iko 2009 ikionyeshwa cheti cha 2023 inaona hicho cheti bado hakijazaliwa, inakikataa. Apdeti nazo zinapita njia hiyo hiyo, kwa hiyo nazo zinagomaga, na ujumbe unaoletwa hausemi "saa yako imekosea", unaleta namba ndefu zisizo na maana kwa mtu. Tena kibetri hiki hapa kwetu kinachoka mapema kuliko mjini. Kwenye ofisi yenye umeme saa zote, mashine ikizimwa bado inapata moto kidogo kutoka ukutani. Hapa tukizima sola jioni ndo basi, kibetri kinabeba mzigo peke yake mpaka asubuhi.

Tulikibadilisha, tukaweka tarehe, Gmail ikafunguka. Bei yake ni chini ya sahani ya wali na maharage. Tangu siku hiyo tukiona mtu analalamika mtandao, swali la kwanza ni: saa inasemaje?

Haya, kesi yetu sasa.

Mwaka 2022 mashine moja ilikuwa katikati ya apdeti, sola ikazima. Kesho yake ikawa inasema inarudisha mabadiliko, asilimia thelathini, asilimia thelathini, saa nzima. Mwalimu alikuwa na darasa, akatufokea. Tukakaa kikao kidogo nje chini ya mti, tukaamua: tunazima huduma ya apdeti kwenye mashine zote. Tulizima kabisa, kwenye mipangilio ya ndani, si kwa kubonyeza "kumbusha baadaye" tu. Tukajiona mafundi. Tukawafundisha na vijana wa kanda nyingine: zima apdeti, zinakula bando. Mpaka leo kwenye kundi letu la WhatsApp mtu akiuliza kwa nini kompyuta yake nzito, jibu la kwanza ni hilo. Na wako wanaosema apdeti ni ujanja wa wazungu wa kutulazimisha kununua mashine mpya.

Tunaomba tuliache hili, na tunaanza kuliacha sisi tuliolisambaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na apdeti nyingi ni kuziba ufa tu, hakuna zaidi. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha kuuziba ule mwanya kilikuwa kimetolewa Machi 2017, miezi miwili kabla. Waliopigwa ni wale ambao hawakukiweka. Na sisi hapa flashi moja inatembea kutoka kwa mpiga picha wa harusi, inakwenda kwa muuza miziki, inakwenda kwa katibu wa kanisa, halafu inachomekwa kituoni. Wangapi mmefungua flashi mkakuta folda zote zimegeuka vishale, barua za familia hazionekani? Tusijifanye hatujui ilitoka wapi.

Lakini mtu asichukue maneno haya akatuambia "si tuliwaambia, wakimbizi hawajui kutunza vitu". Tulizima kwa sababu apdeti zilikuwa zinashindwa kweli, na zilikuwa zinashindwa kwa sababu ambazo zinajulikana na zinatibika.

Ukiona namba 0x80070070, hiyo ni diski imejaa, basi. Apdeti kubwa ya Windows 10 inataka nafasi kama gigabaiti ishirini ziwe wazi. Zile laptopu nane tulizopewa mwisho wa 2024 zina hifadhi ya gigabaiti thelathini na mbili zote kwa pamoja, na Windows yenyewe imeshakaa humo na kunyoosha miguu. Hata tufute filamu zote za Kinaijeria (na zilikuwepo, hatukatai), hesabu ni ngumu. Dawa ni kuchomeka diski ya nje au flashi kubwa wakati wa kusasisha, na kusafisha mafaili ya mfumo.

Apdeti ikikatika njiani kwa sababu bando limeisha, kipande kibovu kinabaki ndani, na kila siku mashine inajaribu kukimeza inatapika. Hapo unasimamisha huduma ya Windows Update, unabadilisha jina la folda inayoitwa SoftwareDistribution ndani ya folda ya Windows, unaiwasha tena huduma. Itajitengenezea folda mpya na kuanza kupakua kwa usafi. Tulilijua hili mwaka huu. Miaka yote ile tulikuwa tunafomati mashine nzima, na kazi za watu zinapotea.

Na bando. Hili ndilo kubwa, na hapa wenzetu wanaolalamika wana haki yao. Toleo jipya la Windows 10 linaweza kuwa gigabaiti tatu au nne. Zidisha kwa mashine nane, mwambie kijana wa kujitolea anunue mwenyewe. Lakini Windows 10 ina mpangilio unaoziruhusu kompyuta za chumba kimoja kugawana: moja ikipakua, nyingine zinachukua vipande kwake kupitia mtandao wa ndani. Ni kuhakikisha umewashwa, na umechagua kompyuta za mtandao wako tu. Viraka vya mwezi unaweza pia kuvitoa kwenye katalogi ya Microsoft ukavibeba kwa flashi, na vivinjari vyote viwili, Chrome na Firefox, vina faili kamili la kusakinisha bila intaneti. Mtu mmoja anapakua mjini Mbarara, kambi nzima inasasisha. Tumehudhuria semina za kompyuta, tuna vyeti vyenye mihuri mitatu, na hakuna hata moja iliyotuambia haya. Zilitufundisha kuweka rangi kwenye slaidi.

Tena fanyeni asubuhi jua likiwa limepanda, laptopu ikiwa na chaji. Jioni hapana.

Turudi kwa zile laptopu nane, zile za kwenye picha. Mgeni wetu aliziita nzima. Zina Windows 10, na Windows 10 yenyewe ilifika mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiingii: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na inakataa prosesa nyingi zilizotoka kabla ya 2018. Kuna njia ya mtu binafsi kuongezewa viraka mpaka Oktoba 2026, lakini sharti mashine iwe kwenye toleo la 22H2. Zetu zimekwama 1909, toleo ambalo kwa mashine za kawaida liliacha kupewa viraka Mei 2021. Hivyo na hizi nazo zilikuja zikiwa zimepitwa miaka mitatu na nusu. Kutoka 1909 kwenda 22H2 tunahitaji nafasi, bando, na paswadi ya msimamizi. Nafasi tunaweza kuipata, bando tutachanga. Paswadi hatuna.

Paswadi iko mjini. Mashine zilikuja zimefungwa, ukitaka kufanya lolote zaidi ya kuandika na kusoma inakuuliza msimamizi. Hata saa ikikosea hatuwezi kuirekebisha ndani ya Windows. Tumeandika barua pepe tatu. Ya kwanza ilijibiwa kwamba ni kwa usalama, tusije tukaharibu. Ya pili ilijibiwa kwamba aliyeweka paswadi ameacha kazi. Ya tatu bado.

Kwa usalama! Ndugu zetu wa mashirika, tuzungumze kwa heshima lakini tuzungumze. Mmetufundisha ulinzi wa taarifa za mtu, siku mbili, na chai na sambusa, tukafurahi. Mlituambia namba ya kesi ya mkimbizi haipigwi picha, jina la mtoto halitajwi, sehemu mtu alikotokea haiandikwi ovyo. Ni kweli kabisa, kuna watu hapa wamekimbia wanaowatafuta. Sasa mama huyo huyo ambaye jina lake hamlitaji anakuja kwenye kituo mlichokifungua nyinyi, anakaa kwenye mashine isiyo na kiraka tangu 2021, anaandika paswadi ya barua pepe yake, anafungua ujumbe wa mdogo wake aliyebaki Kivu. Ulinzi uko wapi hapo? Kwenye ofisi yenu mngekubali kufungua hata faili moja la mkimbizi kwenye mashine kama hiyo?

Tunajua jibu litakalokuja, limeshatufikia kwa mdomo: mmepewa bure, mnachagua? Mwomba chumvi huombea chungu chake. Tunaombea chungu chetu, na chungu chetu ni yule dada wa saa sita usiku. Na bure yenyewe tuiangalie vizuri. Kampuni huko ng'ambo ilizitoa kwa sababu zilikuwa zinafika tarehe yake ya mwisho, kuzitupa ni gharama, kuzigawa ni picha nzuri. Wafadhili wakahesabu mashine kumi na nne. Hakuna mahali kwenye hesabu palipoandikwa vibetri, bando la apdeti, diski ya nje, wala siku mbili za fundi kwa mwezi. Mngetuletea mashine saba zilizo hai na hela ya kuzitunza, tungeshukuru mara mbili ya tulivyoshukuru kwa kumi na nne.

Hatusemi msilete za zamani. Mashine ya zamani si tatizo. Baada ya yule mgeni kuondoka, kwa hasira tu, tulichukua mbili kati ya zile sita tukaweka Linux Mint kwa flashi. Haina malipo, inasasishwa, na Firefox yake ni ya leo. Zina RAM ya gigabaiti nne, zinakwenda pole pole lakini zinakwenda. Kitu cha kwanza tulichofungua ni ule ukurasa wa skolashipu. Kile kitufe cha kupakia cheti kinabonyezeka. Mwalimu analalamika kwamba mtaala unasema Windows na wanafunzi watachanganyikiwa, na ana hoja, Word si sawasawa na LibreOffice. Tunaongea naye. Lakini kati ya mashine inayochanganya wiki moja na mashine iliyofunikwa kitenge, sisi tumeshachagua.

Tunachotaka kwenu ni kidogo. Kabla lori halijapakiwa, muulize ni mfumo gani, toleo gani, na viraka vyake vinaisha lini. Ni ujumbe mmoja wa simu. Mkiandika bajeti, wekeni mstari wa matunzo, hata uwe mwembamba. Na paswadi mtupe sisi tunaofungua mlango kila asubuhi. Chagueni wawili, wasaini karatasi, mkitaka tubadilishe kila mwezi tutabadilisha. Tumeaminiwa funguo za chumba, tumeaminiwa sola, tumeaminiwa watoto wa watu kila Jumatano.

Na wewe kijana mwenzetu uliyezima apdeti kwa sababu sisi tulikuambia, iwashe. Ukikwama leta mashine.

Jumamosi saa tatu asubuhi tunafungua namba nne na namba tano. Mwenye bisibisi ndogo ya nyota aje nayo, yetu imepotea. Vibetri vitatu tumeshanunua kwa mchango. Kama kuna anayemfahamu yule dada, anapoishi siku hizi, amwambie skolashipu ile imefunguliwa tena na namba tatu sasa inafanya kazi. Tutamwekea nafasi.